Hewa Inayorudi

Nyalikungu, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Maswa, si mji wa maghorofa. Ofisi nyingi zinatosheka na kiyoyozi cha ukutani, kinachomeza hewa ya chumba na kuitema humohumo. Lakini tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 majengo ya ukanda huu yanazidi kuwa makubwa, na mtu anapojenga ukumbi, au ofisi kadhaa za kuhudumiwa na mashine moja, hapo ndipo anapomtafuta fundi wa dakti, yaani mifereji ya bati ya kupitishia hewa. Atamuuliza baridi itatokea wapi. Hewa itarudi vipi, hilo haulizi. Ninayetaka kumsifu ni fundi anayejiuliza mwenyewe kabla hajakata bati.

Tuchukue kiyoyozi chenye uwezo wa kupooza wa tani 2. Kwa kawaida kila tani moja huhitaji takriban lita 190 za hewa kwa sekunde, kwa hiyo mashine hii inasukuma lita 380 hivi. Kinachoingia chumbani lazima kitoke. Fundi anataka njia ya kurudi iwe tulivu, hewa ipite kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, basi anahitaji tundu la mita za mraba 0.127. Dakti ya milimita 450 kwa 300 inatosha na chenji inabaki. Mwenye jengo akimbana kwa sababu dari ni fupi na bati ni ghali, wakakubaliana milimita 300 kwa 200, mwendo unapita mita 6 kwa sekunde na ukinzani unaongezeka zaidi ya mara nne, kwa kuwa mwendo ukiwa mara mbili mkwaruzo huwa karibu mara nne. Feni inaanza kuguna. Watu watailaumu mashine, wataitia gesi, watabadilisha kompresa, na dakti nyembamba itaendelea kukaa juu ya jipsamu bila kushukiwa na mtu.

Hesabu za pwani nazo hazifai kubebwa zilivyo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na Nyalikungu iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Feni inasogeza ujazo uleule, lakini kilo za hewa ni pungufu, na kinachobeba joto ni kilo. Fundi aliyesoma anaongeza ujazo, kisha anapima upya dakti zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Penye utamu zaidi ni mlangoni. Ofisi ndogo inapewa lita 100 kwa sekunde, mlango umefungwa, na njia pekee ya kutokea ni upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80. Gawanya: ili yote ipite hapo, ingebidi ikimbie mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa, mwendo wa bodaboda yenye abiria. Haitakimbia hivyo. Chumba kitajaa, baridi itakataa kuingia, na mlango utapiga mluzi. Dawa ni grili ya kupitishia hewa ukutani, au dakti ya kurudi ya chumba hicho peke yake. Kuna wanaoiachia hewa ijirudie kupitia uwazi wa dari. Chini ya zege, sawa. Chini ya bati la Simiyu saa nane mchana, unavuta joto, vumbi na harufu ya popo.

Wala si kila hewa hurudishwa. Ya chooni na ya jikoni hutolewa nje moja kwa moja, na kiasi kidogo huachwa kizidi ndani ili upepo wa kiangazi usipenyeze vumbi. Ukumbi ukipewa lita 1,000, vyoo vikitoa 150, na 50 zikaachwa kuulinda ukumbi, dakti ya kurudi inapimwa kwa 800. Ni hesabu ya kutoa, ya darasa la pili, lakini wangapi huifanya?

Mkoa huu unaishi kwa pamba, na pamba imo katika fani hii tangu utoto wake. Willis Carrier alibuni mtambo wake wa kiyoyozi mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn. Miaka minne baadaye Stuart Cramer, mhandisi wa viwanda vya pamba kusini mwa Marekani, alikuwa akishughulikia unyevu wa hewa ili nyuzi zisikatike. Pamba ndiyo pia inayoziba chujio. Karibu na jineri nyuzi huelea, na zote huishia kwenye njia ya kurudi, kwa hiyo fundi huweka grili pana, mahali panapofikika kwa kiti tu, bila ngazi.

Siku ya kukabidhi kazi, mwangalie. Anawasha feni, anafunga milango yote, kisha anapita ofisi moja moja na kipande cha karatasi laini, anakibandika kwenye grili ya kurudi. Kikishika, anaenda chumba kinachofuata. Kikidondoka, anaomba ngazi, na mwenye jengo asubiri kusaini.