Kisu, Wekundu na Kinachobaki

Teremka kutoka Akheri, pita Tengeru, endelea kusini mpaka migomba iishe na tambarare ianze. Kiangazi, mfugaji wa Kimasai akiwa mbali huko, uso wake huuoni. Miguu imemezwa na vumbi. Kinachobaki ni wekundu wa shuka, umesimama wima, unasogea.

Wekundu huo ndio uliojaa katika picha zinazochorwa kwa kisu na kuuzwa Arusha mjini, kwenye soko la vinyago la Fire Road na maduka ya sanaa. Wengi wetu tunazipita tukisema ni za watalii. Nami nasema tusimame tuzitazame, maana ndani yake kuna ufundi mkubwa, na wengi wa wanaozichora hawakukanyaga chuo cha sanaa. Walijifunza kwa kukaa karibu na aliyetangulia, wakatazama mkono wake, wakaharibu rangi mpaka mkono ukakubali.

Sogea karibu na picha moja, kiasi cha shubiri moja. Hapo hakuna Mmasai. Kuna mistari minene ya rangi nyekundu iliyoinuka juu ya kitambaa, pembeni imejikunja kidogo pale kisu kilipoisukuma. Katikati ya wekundu kuna mchirizi mweusi, na mwingine wa rangi ya chungwa ambao haukuchanganyika sawasawa. Rudi nyuma hatua tano. Mistari imekuwa watu, wanne au watano, warefu kuliko mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke, wanatembea kwa safu.

Kisu chenyewe hakina makali. Ni kama mwiko mdogo wa fundi ujenzi, bapa jembamba linalonesa. Mchoraji huanza na nyuma ya picha: njano, kahawia, pengine buluu hafifu, anavutavuta kwa bapa pana mpaka pasijulikane ardhi inaishia wapi na anga linaanzia wapi. Kisha huchota nyekundu nene, akaiweka mahali pa bega na kuivuta chini kwa mkupuo mmoja. Begani mkono ni mwepesi, kwenye shuka unakandamiza, kwenye pindo unanyanyuka. Miguu huchorwa kwa ukingo wa kisu, mstari mwembamba kama unywele. Kichwa ni tone. Mkuki ni mguso mmoja.

Ugumu uko kwenye mkupuo ule. Brashi inaruhusu kurudia, kisu hakisamehi. Ukirudia mara mbili nyekundu inavuta rangi ya nyuma na kuwa tope, nawe huna budi kukwangua na kuanza upya. Kwa hiyo mchoraji lazima aamue kabla hajagusa kitambaa: huyu anaelekea wapi, uzito wake uko mguu gani, upepo unapeperusha shuka upande upi. Mchoraji hodari husema yote hayo kwa mvuto mmoja wa rangi. Ndiyo maana picha mbili zilizotundikwa ukuta mmoja, zenye watu na rangi zilezile, moja inatembea na nyingine imesimama kama uzio.

Njia hii ya kujifundisha bila chuo ina wazee wake nchini. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliwahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa vitu alivyovipata: vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Rangi ile inang'aa na haipendi kuchanganywa, hivyo aliipaka tambarare, mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi moja tupu. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu, lakini jina lake leo ni jina la mtindo mzima.

Wachoraji wa kisu wamechukua njia tofauti na yake, ila hekima ni ileile: kujua cha kuacha. Tingatinga aliacha pori, akabaki na chui. Hawa wameacha hata uso na mikono, wakabaki na mwendo. Watu huita sanaa ya namna hii dhahania, wakaiogopa kana kwamba inahitaji shahada. Aliyewahi kumtambua jirani yake kwa mwendo, akiwa bado mbali barabarani, ameshaielewa.

Tofauti kubwa iliyobaki ni jina. Tingatinga alijulikana, lakini picha nyingi za kisu huondoka Arusha bila mnunuzi kujua zimetoka mkononi mwa nani. Basi ukipita sokoni, chagua ile inayotembea, muulize muuzaji nani ameichora, na umtake mchoraji aandike jina lake kwenye kona. Kisha itundike sebuleni kwako, wageni wako nao walisome.