Vyuo Vidogo vya Afya

Chuo kidogo cha afya humfunza mwanafunzi darasani na kando ya kitanda cha mgonjwa, na hapo kitandani ndipo nguvu yake ilipo. Nchini Kenya mafunzo haya yana historia ndefu: KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, kilianza Nairobi mwaka 1927, na sasa kina matawi hata katika miji midogo. Wahitimu wake wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Katika maeneo ya wakulima wa mahindi kama Ziwa, karibu na Eldoret, wauguzi na matabibu wa ngazi ya stashahada ndio humpokea mgonjwa kwanza. Hupima malaria, huzalisha, huchanja watoto, na aliyezidiwa humpa rufaa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi.