Fundi wa Sataranji Asiyeshika Kete

Kama kuna mtu aliyestahili kutunga programu bora ya sataranji, ni Mikhail Botvinnik. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, akapokonywa mara mbili na mara mbili akaurejesha, hadi ulipomtoka kabisa mwaka 1963. Juu ya hayo alikuwa mhandisi wa umeme. Miaka mingi ya uzee wake aliitoa kwa programu aliyoiita Pioneer, akitaka ifikiri kama bingwa. Ilitatua mafumbo machache, ikaishia hapo. Mwaka 1974, mjini Stockholm, taji la kwanza la dunia la kompyuta lilichukuliwa na Kaissa, kazi ya Wasovieti wenzake ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia.

Kujua mchezo, basi, ni jambo moja. Kumfundisha asiyejua lolote ni jingine. Bingwa huutazama ubao na hatua nzuri ikamjia yenyewe. Ukimuuliza imetoka wapi, atakwambia farasi amekaa vizuri. Kompyuta haijui "vizuri" ni nini. Mwaka 1952 mwanahisabati Alan Turing alikaa na kalamu na karatasi, akazifuata kanuni alizozitunga mwenyewe kana kwamba yeye ndiye mashine, kila hatua ikimchukua kama nusu saa. Akashindwa na mwenzake Alick Glennie. Hata hivyo alikuwa ameonyesha kipaji cha kwanza cha kazi hii: kuuvunja ujuzi vipandevipande hadi kibaki kitu kinachoweza kutekelezwa bila kuelewa.

Kipaji cha pili ni uangalifu usiochoka. Ubao ukiwa haujaguswa, mweupe ana hatua 20 za kuchagua. Kila upande ukicheza mara moja, njia zinakuwa 400. Hatua ya tatu inazifikisha 8,902, ya nne 197,281, ya tano 4,865,609. Hesabu hizi watunga programu wanazijua kwa moyo, maana ndizo mizani yao. Programu ikileta 4,865,608, ipo sheria iliyokosewa mahali fulani: pengine askari anayeliwa njiani baada ya kuruka nyumba mbili. Pungufu ya njia moja katika karibu milioni tano inatosha kumfanya fundi akeshe. Asiyeudhiwa na hiyo moja atafute kazi nyingine.

Kinachofuata ni ujasiri wa kuacha. Chukulia kila zamu ina hatua 35. Kutazama zamu sita mbele kunaleta njia zaidi ya bilioni 1.8. Mbinu ya alfa-beta husema hivi: ukishaona jibu moja la mpinzani linaloiharibu hatua yako, huna haja ya kuyatazama majibu yake mengine. Hatua zikipangwa vizuri kabisa, nzuri zikitangulia, njia zinazobaki kutazamwa ni 85,749 tu, na jawabu halibadiliki hata chembe. Uzuri wa kazi hii uko hapo. Mkulima apogoaye mti wake wa kahawa hukata tawi bila kuupunguzia mavuno. Fundi naye hulikata tawi akiwa ameshathibitisha kwamba halina kitu.

Ila vipaji hivi vyote havimfikishi mtu mbali akikosa unyenyekevu mbele ya matokeo. Watunzi wa Stockfish, programu ya sataranji, walilipata somo hilo na kulifanya utaratibu. Tangu mwaka 2013, kila wazo jipya hupelekwa kwenye kompyuta za watu wanaojitolea, programu ya zamani ikacheza na mpya maelfu ya michezo. Hakuna anayeuliza wazo ni la nani, wala lilivyopendeza likielezwa. Lisipoongeza ushindi, linatupwa, na mengi hutupwa. Yanayopita huongeza kidogo sana, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kisha likaja jaribio gumu zaidi. Mwaka 2018 Yu Nasu wa Japani alibuni mtandao mdogo wa neva kwa ajili ya shogi, mchezo wa huko unaofanana na sataranji. Mwaka 2020 mtandao wa namna hiyo uliingizwa ndani ya Stockfish, ukaitathmini hali ya ubao vizuri kuliko kanuni zote zilizoandikwa kwa mkono: thamani ya askari aliyebaki peke yake, usalama wa mfalme, uhuru wa ngome. Kanuni hizo zilikuwa zimenolewa mstari kwa mstari kwa miaka. Wenyewe wakazipima, wakaona zimepitwa, na baadaye wakazifuta kabisa. Kutunga msimbo mzuri wengi wanaweza. Kuufuta ulio wako, kwa sababu tu michezo imesema hivyo, ndiko kunakomtambulisha fundi.