Nani Aliyejitoa? Kitenzi Kimoja na Mahakama ya Afrika

Katika mijadala yetu husemwa mara kwa mara kwamba mwaka 2019 Tanzania "ilijitoa" katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kauli hii inapotosha. Tanzania ingali inafungwa na Itifaki ya mwaka 1998, Mahakama ingali Arusha, na Tume ya Afrika bado yaweza kuishtaki. Kilichoondolewa ni tamko la Ibara ya 34(6), lililowaruhusu watu binafsi na baadhi ya asasi kufungua mashauri moja kwa moja. Rwanda ilitangulia mwaka 2016. Kiambishi -ji- hudai kwamba mtenda ndiye mtendwa. Hapa mtenda ni dola, mtendwa ni raia.

Wanaisimu tumelinyamazia jambo hili. Mwaka 2021 tulishangilia, tena kwa sababu njema, sheria iliyokifanya Kiswahili lugha ya mahakama nchini Tanzania. Hatukukumbuka kwamba miezi michache kabla, Novemba 2020, uondoaji wa tamko ulikuwa umeanza kutekelezwa. Mapendekezo ya sera yanayokomea kwenye kutafsiri hukumu yanamhudumia msomaji. Mlalamikaji hayamtaji kabisa.