Merikebu za Ukutani na Uhakiki wa Kiswahili

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amezoea kuanzia kwenye karatasi. Inkishafi husomwa kwa makini, na vidaka vya majumba ya Pate yaliyobomoka hufafanuliwa darasani. Lakini kuta zenyewe za mwambao huachiwa wachimbuaji wa mambo ya kale. Katika lipu ya chokaa ya maganjo ya Gedi na Kilwa mna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwa ncha kali, ambayo Peter na Margaret Garlake waliieleza mwaka 1964. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Wareno nao walichora merikebu kwa makaa na udongo mwekundu.

Yamkini watakuwapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa wavivu tu. Hoja hiyo haitoshi. Mkono uliotia kamba na tanga mahali pake ulikijua chombo. Na kwa kuwa haukuacha jina, mchoro ndio kauli yake pekee. Utenzi ukinakiliwa hudumu, bali lipu ikibanduka haina nakala. Basi na isomwe ingali ukutani.