Gia za Mkono na Gia za Kujibadili: Uhakiki wa Istilahi za Magari

Aghalabu istilahi zinazohakikiwa katika kurasa hizi ni za vitu vinavyoingia nchini. Mara hii tunakusudia kuzungumzia istilahi za kitu kinachoondoka, nacho ni gari ambalo dereva wake hukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto na kubadili gia kwa mkono. Gari hilo linapungua kabla istilahi zake hazijakaa sawa, na gari linalochukua nafasi yake limekwisha pewa majina yanayopotosha.

Lililotusukuma kuandika ni kijitabu cha maelekezo ya gari kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, ambacho hatuna haja ya kumtaja mwenyewe. Ndani yake tulikuta mambo matatu. Kwanza, gari la gia za kawaida limeitwa gari lenye "maambukizi ya mwongozo". Pili, gari la otomatiki limeitwa "gari la kujiendesha". Tatu, dereva ameagizwa kwamba anaposhuka mteremko "atumie gia ya chini". Tulipopata safari ya kikazi mkoani Mara, tulikichukua kijitabu hicho, tukawasomea madereva na mafundi wa Musoma, Bunda na Butiama, ili tuone kama kinaeleweka kwa wale waliokusudiwa.

Katika stendi ya Bweri, Musoma, sentensi ya kwanza ilileta kicheko. Madereva walitaka kujua kama gari hilo linaumwa, na kama ugonjwa wake unashika watu. Kicheko hicho kilikuwa ni haki yao. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana ya kupitisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Katika udaktari kinachopitishwa ni ugonjwa, na katika gari ni nguvu ya injini inayopelekwa kwenye magurudumu. Neno la pili nalo lina maana mbili: kitabu cha maelekezo, na jambo linalofanywa kwa mkono. Mtafsiri, awe mtu au mashine ya kutafsiri, alichukua maana isiyohusika, akarudia kosa hilo mara mbili katika maneno matatu. Makosa ya namna hii hutokea pale neno linapotazamwa bila kutazama gari.

Hapakuwa na sababu ya kuhangaika hivyo, maana lugha ya madereva imekwisha kamilika. Wanalo neno gia, wanalo klachi, wanalo giaboksi. Husema kuingiza gia, kubadili gia na kupangua gia. Gari likiwa halimo katika gia yoyote husema liko fri, na gia ya kurudi nyuma huiita rivasi. Mengi kati ya hayo ni ya mkopo, lakini yamekwisha vaa nguo za Kiswahili na kufuata sarufi yake. Tena si yote yaliyotoka kwa Mwingereza. Usukani wa gari ulikuwa usukani wa chombo cha majini kwanza, na mkazi wa Musoma, ambaye ziwa liko mlangoni pake, husikia neno hilohilo katika mtumbwi na katika lori. Lugha iliyoweza kupandisha usukani kutoka majini hadi barabarani haishindwi kuitaja giaboksi.

Jambo la pili linahitaji maelezo marefu zaidi. Madereva wa makamo walitueleza kwamba walipojifunza kazi, mtu akisema "gari" alikuwa amekwisha sema na gia. Gari la otomatiki ndilo lililohitaji kuongezewa neno, kwa kuwa lilikuwa adimu. Siku hizi mambo yamegeuka. Magari madogo yaliyotumika hutujia kwa wingi kutoka Japani, nchi ambayo huendesha upande wa kushoto kama sisi, na mengi yake hayana pedeli ya klachi. Kijana wa Musoma akisema "gari" humaanisha lile la pedeli mbili, na akitaka lile la zamani husema "gari la manyuali". Jina lisilohitaji nyongeza limehama. Kwa mtaalamu wa istilahi hiyo ni dalili kwamba kitu cha kwanza kinaelekea kuwa kumbukumbu, na kwamba sasa ndicho kinachohitaji jina imara.

Wala jambo hili si la Mara peke yake. Gia za kujibadili ni za zamani: General Motors ya Marekani ilizitoa kwa umma mwaka 1939 katika magari ya Oldsmobile, kwa jina la Hydra-Matic. Hata hivyo kwa miaka mingi wapenzi wa magari ya mbio walizidharau, wakisema ni nzito na zinakula mafuta. Tangu mwaka 2003, Volkswagen ilipoanza kuuza giaboksi yenye klachi mbili zinazopokezana kwa kuongozwa na kompyuta, hoja hiyo ilipoteza nguvu, kwa sababu mashine hubadili gia upesi kuliko mkono wa binadamu. Ferrari iliacha gia za mkono mwanzoni mwa miaka ya 2010. Porsche iliziondoa katika gari lake la 911 GT3 mwaka 2013, wanunuzi wakanung'unika, zikarudishwa mwaka 2017. Toyota nayo ilileta Supra mpya mwaka 2019 bila klachi ya mguu, ikalazimika kuiongeza mwaka 2022. Kwa wapenzi hao gia za mkono zimegeuka kuwa anasa inayodaiwa kwa makusudi. Hata Land Cruiser ya namba 70, gari la kazi ngumu linalofahamika sana kwa wapelekao watalii Serengeti kwa lango la Ndabaka, lilipewa gia za kujibadili katika baadhi ya masoko mwaka 2023.

Sasa na tuulize: je, "gari la kujiendesha" ni jina linalofaa? Kwa maoni yetu halifai, kwa sababu mbili. Kwanza, kinachojitenda katika gari hilo ni gia. Usukani, breki na mafuta vyote vimebaki mikononi na miguuni mwa dereva. Pili, jina hilo limekwisha pata mwenyewe. Magari yasiyo na dereva kabisa yamekuwa yakibeba abiria wa kawaida mjini Phoenix, Marekani, tangu mwaka 2020, na hayo ndiyo yanayojiendesha. Tukiwapa wote wawili jina moja, mwandishi wa sheria ya barabarani atashindwa kuandika kifungu kimoja bila kuongeza maelezo ya ukurasa mzima.

Wengine husema "gari lisilo na klachi". Jina hili hutokana na macho, na macho hayaoni yaliyomo ndani. Ile giaboksi ya Volkswagen ina klachi mbili; kinachokosekana ni pedeli. Anayetaka kuita gari kwa kile ambacho mguu haukikuti, heri aseme "gari la pedeli mbili", kama wasemavyo baadhi ya mafundi wa Bunda.

Ubaya wa "kujiendesha" ulidhihirika tulipofika kwenye sentensi ya tatu, ile ya mteremko. Dereva mmoja kijana, ambaye hajawahi kuendesha gari la klachi, aliipuuza agizo hilo akisema halimhusu, kwa kuwa gari lake linajiendesha. Hili si suala la ufasaha tena. Katika mteremko mrefu, gari likiachwa katika gia nyepesi huongeza kasi, na dereva huishikilia kwa breki peke yake. Breki zikipata joto kali hupoteza mshiko. Gia nzito huiacha injini ishikilie gari na kuzipumzisha breki, na hilo ni kweli kwa gari la otomatiki vilevile: ndiyo maana mengi yana nafasi iliyoandikwa 2 au L, na mengine S au B. Kijana yule hakufundishwa maana ya herufi hizo. Kitabu cha gari lake kimeandikwa kwa Kijapani, na jina alilopewa kwa Kiswahili limemwambia kwamba hana la kufanya. Istilahi mbaya ilimwondolea wajibu ambao mtengenezaji wa gari alimwachia.

Kwa dereva wa gia za mkono sentensi hiyohiyo ina utata mwingine. "Gia ya chini" ni ipi? Katika magari mengi gia ya pili na ya nne huingizwa kwa kuvuta mkono chini, na ya kwanza na ya tatu kwa kusukuma juu. Madereva wawili wa lori, wote wazoefu, walitupa majibu mawili tofauti. Tulipowaambia "punguza mpaka gia namba mbili kabla hujaanza kushuka", hawakuuliza kitu. Namba haina juu wala chini.

Tulimaliza safari yetu Butiama, na hapo ilikuwa vigumu kutomkumbuka mtafsiri mkubwa aliyezaliwa kijijini hapo. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliupa mchezo wa Shakespeare jina la Mabepari wa Venisi. Neno bepari lilitufikia kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara, lakini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 masikio ya Watanzania yalisikia ndani yake unyonyaji pia. Mwalimu aliujua mzigo huo, akachagua neno ambalo mzigo wake ulifaa mchezo. Waliochagua "kujiendesha" hawakuupima mzigo wa neno lao.

Kwa hiyo tunapendekeza majina haya. Gari la zamani liitwe gari la gia za mkono, kwa mfano wa breki ya mkono, ambayo kila mtu anaijua. Lile jingine liitwe gari la gia za kujibadili, na neno otomatiki libaki kuwa kisawe chake katika mazungumzo. Mfumo mzima kutoka injini hadi magurudumu uitwe mfumo wa kupitisha nguvu. Ule usio na gia za kuhesabika, ambao hutumia mkanda kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, kama alivyofanya DAF wa Uholanzi mwaka 1958, uitwe mfumo usio na ngazi. Tofauti hii ya mwisho ina faida dukani: mfumo huo una oili yake, na fundi anayeambiwa "oili ya gia" tu anaweza kuuharibu kwa kuutilia isiyo yake.

Tunatambua pingamizi moja lenye nguvu. Vijana wengi wa Musoma na Bunda hujifunza gia kwenye pikipiki za bodaboda, ambazo klachi yake iko mkononi na gia ziko mguuni. Je, hizo ni gia za mkono? Tunajibu kwamba muundo wenyewe unatoa nafasi: pikipiki ina gia za mguu, na bajaji, ambayo gia zake huzungushwa katika mshikio wa kushoto, ina gia za mkono. Huenda klachi ikadumu muda mrefu zaidi katika vyombo hivyo kuliko katika magari ya matajiri wa Ulaya.

Watumishi wa serikali wasilione jambo hili kuwa dogo. Nchini Uingereza, aliyefaulu mtihani kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la klachi. Na Kenya inalo daraja la leseni, B1, kwa magari mepesi ya otomatiki. Popote sheria inapotenganisha vitu viwili, lugha ya sheria hudaiwa majina mawili yasiyogongana.

Walimu wa vyuo vya udereva nao wanao wajibu. Msemo wa kubadili gia angani, uliovuma sana katika siasa za mwaka 2015, utaendelea kusemwa na watu ambao hawatashika mkono wa gia maisha yao yote. Misemo hujihifadhi yenyewe. Majina ya kazi, kama kupangua gia kabla ya mteremko, hupotea pamoja na wafanyao kazi hiyo. Wangali wapo Bweri na Bunda, na wako tayari kuulizwa. Tunawaomba wasomaji wenye maneno ya namna hiyo kutoka mikoa mingine watuletee, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na nani ayatumiaye.