Ukuta wa Birika la Yixing

Birika la udongo la Yixing halifinyangwi kwenye gurudumu. Hujengwa kwa mabamba ya udongo yaliyopigwa kwa nyundo ya mbao, yakakatwa kwa vipimo, yakaungwa, kisha yakapigwapigwa tena mpaka yakapata umbo. Katika nchi ambayo gurudumu la mfinyanzi limetumika kwa maelfu ya miaka, njia hii ni ya pekee. Sifa nyingi ambazo wanywaji na wakusanyaji huzitafuta katika birika hili, kuanzia linavyotunza moto hadi linavyong'aa baada ya miaka ya kutumika, zinatokana na ujenzi huo na udongo ulioulazimisha.

Yixing iko katika mkoa wa Jiangsu, magharibi mwa Ziwa Tai, na kazi yenyewe hufanyika Dingshu, mji mdogo ulio chini ya kilima cha Huanglongshan. Kilichochimbwa hapo hadi mwaka 2005 ni mwamba. Matabaka ya zisha, kama udongo huu unavyoitwa, hulala katikati ya udongo wa kawaida wa mitungi na yalitoka ardhini yakiwa mapande magumu. Mapande hayo huachwa nje kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka, yapigwe na mvua, jua na baridi hadi yabomoke yenyewe. Ndipo husagwa, huchekechwa, hukandwa kwa maji na kuwekwa tena kwa muda kabla ya kutumika. Aina kuu ni tatu: zini ya zambarau, ambayo ikichomwa huwa kahawia, hongni nyekundu, pamoja na ndugu yake laini zaidi, zhuni, na duanni, ambayo hutoka tanurini ikiwa ya manjano au rangi ya mchanga. Rangi zote hizo ni za asili na hutokana hasa na wingi wa chuma kilichomo, kikichanganyika na kwotsi, kaolini na maika.

Udongo huo hausagwi ukawa unga laini kabisa. Punje zake huachwa zihisike kidoleni, na unato wake ni mdogo kuliko wa udongo wa vyombo vingine. Ukivutwa juu kwenye gurudumu hautulii kwa urahisi, lakini ukipigwa unakubali: unashikamana, unasimama, unabaki pale ulipowekwa. Mafundi wa Yixing hawakuukataa mwamba wao kwa sababu hiyo. Walibadilisha namna ya kufinyanga.

Kazi huanza na donge la udongo na nyundo pana ya mbao. Fundi hulipiga donge mpaka linakuwa bamba lenye unene sawa kote, kisha hukata ukanda mrefu wa ukuta na, kwa bikari ya mbao yenye ncha ya chuma, maduara ya kitako na ya juu. Ukanda husimamishwa juu ya meza ndogo ya kuzungushwa, ncha zake zikakatwa mshazari na kuunganishwa kwa tope zito, na kinachopatikana ni kitu kama kopo lisilo na kitako wala mfuniko. Hapa ndipo ustadi unapopimwa. Vidole vya mkono wa kushoto huingia ndani na kuegemea ukuta; mkono wa kulia hushika kibao chembamba na kupiga kwa nje, mapigo mepesi yasiyokatika, huku meza ikizungushwa kidogo kidogo. Kila pigo husogeza ukingo ndani kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Upande mmoja ukishajikunja, hufungwa kwa duara lake, kopo hugeuzwa, na upande wa pili hupigwa vivyo hivyo. Mwishowe fundi ana umbo lililofungwa pande zote, lenye hewa ndani, na hewa hiyo humsaidia kuushikilia ukuta usibonyee anaposawazisha mabega na tumbo. Mdomo wa birika hukatwa baadaye.

Mrija wa kumiminia, mkono na kishikio cha mfuniko hutengenezwa kando na kubandikwa kwa tope lile lile. Mabirika ya pembe nne au sita hayapigwi kwa namna hii: mabamba yake hukatwa kwa kigezo na kuungwa kwenye kona. Ni kazi ngumu zaidi motoni, kwa kuwa ukuta bapa hupinda upesi kuliko ukuta wa mviringo.

Kabla ya kukauka kabisa, uso wa birika husuguliwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe. Msuguo huo huzamisha punje kubwa na kuleta juu chembe laini, hivyo birika hupata ngozi iliyofungana bila kupakwa kitu chochote. Mabirika haya hayapakwi glezi, ule utando wa kioo unaofunika vyombo vya kaure. Ngozi iliyosuguliwa ndiyo inayobeba mng'ao wote utakaokuja baadaye kwa mikono, maji moto na chai.

Moto wa tanuri hufika nyuzi 1100 hadi 1200 hivi. Zamani tanuri lilikuwa la "joka", handaki refu la matofali lililopanda mteremko na kulishwa kuni kupitia matundu ya ubavuni. Moja la namna hiyo, la enzi ya Ming, bado linachomwa Dingshu. Leo mengi ni ya gesi au umeme. Mtungi wa maji wa Pwani huchomwa kwa moto mdogo wa wazi, ndiyo maana hutoa jasho na kupoza maji yake. Zisha huchomwa kwa moto mkali kiasi kwamba ukuta hauvuji, lakini haugeuki kioo. Unabaki na vinyweleo vya aina mbili, vilivyo ndani ya punje na vilivyo kati ya punje na punje, na hunyonya maji asilimia chache tu ya uzito wake. Zini hupungua ukubwa karibu sehemu moja ya kumi tangu kukauka hadi kuchomwa. Zhuni hupungua zaidi sana, hukunjamana na kupasuka mara kwa mara, na ndiyo sababu mabirika ya zamani ya zhuni ni madogo.

Haja ya chombo hiki ilitokana na uamuzi wa kifalme. Mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa enzi ya Ming, alifuta ushuru wa chai iliyogandamizwa kuwa mikate na kuagiza majani yasiyogandamizwa. Chai ya majani haihitaji kusagwa na kupigwa povu katika bakuli. Inahitaji chombo cha kuilowekea. Birika la zisha lililo la mapema zaidi kati ya yale yenye tarehe ya uhakika lilifukuliwa mwaka 1965 katika kaburi la towashi Wu Jing jijini Nanjing, aliyezikwa mwaka 1533. Ni kubwa, lina mkono unaopita juu, na kwenye mwili wake yameganda matone ya glezi. Matone hayo ni ushahidi mzuri kuliko maandishi mengi: yanaonyesha kwamba birika lilichomwa wazi, bega kwa bega na mitungi iliyopakwa glezi. Zhou Gaoqi, aliyeandika juu ya mabirika ya Yixing mwishoni mwa Ming, anamtaja fundi Li Maolin kuwa ndiye aliyeanza kuyafunika ndani ya vyungu vya kinga tanurini. Mwandishi huyo huyo anaeleza kwamba fundi mwingine, Shi Dabin, alianza na mabirika makubwa, akageukia madogo baada ya kukaa na wasomi na kusikia mazungumzo yao kuhusu chai. Udogo huo haukuachwa tena.

Wazungu walipoyapata mabirika haya kupitia meli za chai, waliiga rangi. Ary de Milde huko Delft, ndugu wa familia ya Elers huko Staffordshire na Böttger huko Meissen, wote walitoa vyombo vyekundu vigumu kati ya mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Vilikuwa vizuri, lakini vilitengenezwa kwa kalibu na kukerezwa kwa mashine. Kibao cha kupigia hawakukichukua.

Faida ya ukuta huu huonekana zaidi katika chai ya gongfu, namna ya kuandaa chai ya Chaozhou na kusini mwa Fujian. Birika ni la mililita 100 hadi 150, majani hujaza theluthi yake au zaidi, na maji ni yale yaliyotoka kuchemka. Kila mmiminio hudumu sekunde chache, kisha chai yote humiminwa, tone la mwisho likiwemo, na majani yale yale hutumika mara nyingi. Kwa muda mfupi namna hiyo, joto ndilo linalofanya kazi. Ukuta baridi ungelimeza lote, ndiyo maana birika hupashwa kwanza na humwagiwa maji moto kwa nje baada ya kufunikwa. Likishapata moto, halipoi haraka. Oolong zilizokaangwa vizuri, chai za miamba ya Wuyi na pu'er hufunguka vema humo. Chai ya kijani huiva kupita kiasi, na hutoka safi zaidi katika kaure nyembamba.

Kasi ya kumimina ni jambo linalosahaulika mno. Birika linalochukua sekunde 25 kumaliza limeongeza sekunde hizo kwenye muda wa kuloweka, na kwa mmiminio uliokusudiwa kudumu sekunde 10 hilo ni kosa kubwa. Umbo la mrija, ukubwa wa matundu yanayozuia majani, na tundu la hewa la mfuniko ndivyo vinavyoamua. Tundu hilo likizibwa kwa kidole na maji yakakatika papo hapo, mfuniko umekaa sawasawa.

Vinyweleo hushika harufu, kwa hiyo desturi ya birika moja kwa aina moja ya chai ina msingi, na sabuni haifai kabisa. Lakini hadithi kwamba birika la zamani linatoa chai kwa maji matupu ni ya kupuuzwa. Kinachobaki ukutani ni kidogo mno. Baada ya kutumika, majani hutolewa, birika husuuzwa kwa maji moto na kuachwa likauke bila mfuniko, la sivyo litaota ukungu.

Kwa mkusanyaji, ukuta ni shahidi wa kuaminika kuliko muhuri. Mihuri iliigwa tangu zamani. Chen Hongshou, afisa na msomi anayejulikana zaidi kama Mansheng (1768–1822), alibuni maumbo na kuandika maneno ya kuchorwa, huku Yang Pengnian akiyajenga. Majina yao yamegongwa kwenye mabirika mengi kuliko waliyoyagusa. Gu Jingzhou (1915–1996), bwana mkubwa wa karne ya 20, aliajiriwa Shanghai miaka ya 1930 kunakili kazi za kale, mihuri ikiwemo, na leo jina lake mwenyewe ndilo linaloigwa.

Mengi husemwa kuhusu mstari wa kiungo ulio ndani, chini ya mkono. Mstari huo hautoshi. Tangu katikati ya karne ya 20 mabirika mengi hujengwa nusu kwa mkono: bamba hukunjwa, huungwa, kisha hubanwa ndani ya kalibu ya plasta, na mstari hubaki vile vile. Ndani ya birika lililopigwa kwa kibao kuna mawimbi madogo yasiyolingana. Lililobanwa kwenye kalibu huonyesha alama za vidole na vitambaa vilivyosukuma udongo kutoka ndani. Miduara inayopanda kwa mpangilio ni ya gurudumu, na si kasoro katika birika la Chaozhou, ambako gurudumu ndiyo desturi. Ukuta laini kama chupa, mwembamba kila mahali, bila kiungo chochote, ni wa udongo ulioyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na huo hauna punje wala ngozi iliyozungumziwa hapo juu.

Rangi nayo husomwa. Mwaka 2005 uchimbaji ulisimamishwa Huanglongshan, bei ikapanda, na mwaka 2010 televisheni ya taifa ya China ikaonyesha udongo wa kawaida ukitiwa oksidi za chuma, manganizi na kobalti ili ufanane na zisha. Nyekundu kali iliyo sawa kote, nyeusi tii na kijani kibichi au bluu ndizo rangi za kutiliwa shaka kwanza. Udongo halisi, ukitazamwa kwenye mwanga wa jua, una vidoa vidogo vya punje za rangi mbalimbali, na maji moto yakimwagwa juu yake hutandaa taratibu, yakaingia kidogo, kisha yakakauka bila kuacha michirizi.